Miguu ya Mama Mkubwa

Kazi yangu ni miguu ya watu. Ninakaa kwenye kigoda kifupi, mteja anaegemea kiti mbele yangu, na muda wote huo naziona zaidi nyayo zake kuliko ninavyouona uso wake. Ifakara si mji wa miguu laini. Wengi wanaokuja kwangu wanalima mpunga, au walilima wakiwa wasichana na magaga yakabaki nao hata baada ya kuhamia mjini. Wapo wenye kucha zilizogeuka njano kwa fangasi, wapo waliochomwa na visiki, na wapo ambao ngozi ya katikati ya vidole imekuwa nyeupe na laini kwa kushinda majini. Huja wanapokuwa na shughuli, harusi au mahafali ya mtoto, na huniomba radhi kabla hawajavua viatu. "Usinicheke, dada," wananiambia. Huwa sicheki.

Saluni yenyewe ni ya rafiki yangu anayesuka nywele. Mimi nina kona yangu upande wa dirishani. Kazi hii nilijifunza Morogoro mjini, kwa mama mmoja mkali aliyekuwa akitufundisha wasichana kadhaa. Mmoja wetu alikuwa na mkwaruzo mdogo kidoleni, tena mkwaruzo wa kukata vitunguu tu. Siku hiyo aliona uvivu wa kuvaa glavu, akasugua mguu wa mteja aliyekuwa na usaha chini ya ukucha. Kidole chake kikavimba mpaka mkono mzima ukawa unapwita. Ukucha uling'oka. Alipopona alirudi kwao akaanza kuuza vitenge, na hakutaka tena hata kuliona beseni. Mimi nilibaki na kazi, na nilibaki na ile picha ya kidole chake.

Kwa hiyo nina taratibu zangu, na wateja wangu wanazijua. Glavu mpya kwa kila mtu. Wembe ukimgusa mmoja unatupwa. Mikasi na vikwangulio naviosha kwa brashi na sabuni, kisha naviloweka kwenye dawa. Beseni nalitandika nailoni safi kabla ya kumimina maji. Rafiki yangu hunitania kwamba nafanya upasuaji. Sikuwahi kufikiri kwamba katika taratibu hizo kuna kitu kinachoweza kumuumiza mtu.

Mama yangu mzazi alifariki nikiwa mdogo sana. Dada yake ndiye aliyenichukua, akanilea kule kijijini Mbingu pamoja na binti yake wa mwisho. Nikisema mama, uso unaonijia ni wa huyu mama mkubwa. Njia ya kwenda shambani ikijaa maji alinibeba mgongoni, jembe begani, kapu la chakula kichwani. Nikipata funza alinikalisha kizingitini, akaukamata mguu wangu, akawatoa kwa pini huku akinisimulia habari za ndege wanaokula mpunga ili nisahau maumivu. Alikamua kwa vidole vyake, akafuta damu kwa ncha ya kanga yake. Hakukuwa na glavu pale, wala hakuna aliyezijua.

Huyo binti yake wa mwisho alipopata mchumba, sherehe ya kumuaga ilipangwa kufanyika Ifakara, na mama mkubwa akaja mapema akafikia kwangu. Nilikuwa nimemwahidi kwa muda mrefu kwamba siku akija nitamtengeneza miguu. Alikuwa akikataa kwa aibu. Safari hii alikubali. "Basi leo na mimi nikae kama mama wa mjini," alisema, akacheka akiziba mdomo kwa mkono.

Pale saluni nilimkalisha kwenye kiti changu kizuri. Pembeni alikuwapo mteja mwingine, mama mwenye duka la vitambaa karibu na soko, mtu wa asili ya pwani, anayekuja kwangu mara kwa mara. Nikawatambulisha. Nilimwambia kwa fahari kwamba huyu ndiye mama yangu. Mama mwenye duka akampa shikamoo, mama mkubwa akaitikia, akatumbukiza miguu ndani ya maji ya moto na kufumba macho. Kisha nikachomoa glavu kwenye boksi na kuzivaa.

Alisikia zile glavu zilivyobana mkononi. Akafumbua macho.

"Hizo za nini?"

"Ndizo za kazi, mama."

"Kazi gani? Si unaniosha miguu?"

"Kila mteja navaa. Ni usafi tu, wake na wangu."

Aliitazama mikono yangu, kisha akanitazama mimi. Sikuona hasira. Usoni mwake palikuwa na kitu kingine ambacho siku ile sikukijua jina, kama mtu aliyeitwa kwa jina alilolikimbia. Akaitoa miguu majini.

"Mimi nina ugonjwa gani?" aliniuliza kwa sauti ya chini.

Mama mwenye duka alijaribu kusaidia. "Mama yangu, hata mimi ananivalia hizo hizo. Wala usijali."

"Wewe ni mteja wake," mama mkubwa akamjibu kwa upole. "Mimi ni mama yake."

Akavaa kandambili zake miguu ikiwa inachuruzika, akachukua mkoba, akatoka. Nilimfuata hadi barabarani, nikamshika mkono. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba bado nilikuwa na zile glavu, nazo zilikuwa zimelowa. Aliutazama mkono wangu juu ya mkono wake. Akaubandua taratibu, kidole kimoja kimoja, akasimamisha bajaji na kuondoka. Madereva waliokuwa pale kivulini waliniangalia. Nilirudi ndani nikamhudumia mama mwenye duka, na sikumbuki tulizungumza nini.

Nyumbani hakunigombeza. Ingekuwa afadhali. Alikula kidogo, akanisifia wali, akauliza kuhusu gauni la bibi harusi mtarajiwa. Nilipotaka kueleza alisema, "Yameisha, mwanangu," kwa namna ya mtu asiyetaka kuguswa hapo. Kwa hiyo sikueleza. Nilidhani ni ushamba tu, nikajiambia atazoea.

Kesho yake nilikwenda kazini. Niliporudi mchana nilimkuta amekaa barazani, amenyoosha miguu mbele yake, kucha zake zikiwa zimepakwa rangi nyekundu inayong'aa. Alikuwa amemwita mmoja wa wale wanaume wanaopita mitaani na vikapu vya rangi za kucha. Mjini kwetu wapo wengi. Wanamtengeneza mtu popote alipo, sokoni au uani kwake.

"Umeona?" alisema. "Ameishika yote, kidole kwa kidole, kwa mikono yake mwenyewe. Hakuniogopa."

Niliinama kutazama. Visigino vilikuwa vimekwanguliwa kwa wembe mpaka vikawa vyekundu. Kwenye dole gumba la mguu wa kulia, pembeni mwa ukucha, yule mwanaume alikuwa amechimbua ndani sana, na pale palikuwa na alama ya damu iliyokauka chini ya rangi.

"Mama, hapa umekatwa."

"Wala sikusikia."

"Ngoja nilete spiriti."

Akauvuta mguu chini ya kanga. "Acha. Mguu umependeza, uache."

Kwenye sherehe alicheza sana. Alivaa viatu vya kufunika alivyoazima kwa jirani yangu, vimembana kidogo, na kila alipopita karibu nami alinishika bega na kunivuta nicheze. Watu waliosema tunafanana hawakukosea. Nilicheza naye. Lakini kila muziki ulipotulia nilijikuta nalitazama lile dole gumba lililokuwa limefichwa ndani ya kiatu. Neno lake, kwamba hakusikia alipokatwa, halikunitoka. Mtu anayekatwa pembeni mwa ukucha husikia.

Alirudi Mbingu. Ulikuwa msimu wa kupalilia, akaingia shambani na mguu ule. Nilipompigia alisema ni mzima. Siku moja jirani yake, bibi mmoja wa rika lake, akanipigia akasema, "Njoo umwone mama yako. Mguu umevimba na hataki kwenda popote." Nilipanda gari siku hiyo hiyo.

Nilimkuta ndani, mlango umerudishwa. Alikuwa ameufunga mguu kwa majani na kipande cha shuka. Harufu niliisikia kabla sijaingia. Nilifungua. Rangi nyekundu ilikuwa bado ipo kwenye kucha nyingine, lakini dole gumba lilikuwa jeusi.

"Linauma, mama?"

"Haliumi," alisema. "Ndiyo maana naogopa."

Tulimleta hospitali ya mjini. Walipompima walikuta sukari iko juu sana, na daktari alisema si jambo la jana. Huenda ameishi nayo miaka bila kujua, na ndiyo iliyoua hisia kwenye nyayo. Nilimweleza habari ya wembe. Alinisikiliza, akasema inawezekana ulianzia hapo, inawezekana pia kulikuwa na kisiki shambani, au kiatu kilichobana, hawezi kuapa. Kwa mtu wa sukari, alisema, hata jeraha dogo linatosha. Nilitaka aniambie lilikuwa kosa la nani. Hakuniambia, na mpaka leo hakuna aliyeniambia.

Lile dole lilikatwa. Waliokoa mguu.

Alasiri moja, siku chache baadaye, wodi ilikuwa imetulia na wageni wa wagonjwa wengine walikuwa wamekwenda kununua chai. Nilikuwa namchania nywele. Alianza kuzungumza bila mimi kumuuliza, ameugeuzia uso ukuta.

"Bibi yako alikuwa na ukoma," alisema. "Mama yako na mimi tulikubaliana tusiwaambie ninyi."

Chanuo likasimama mkononi mwangu.

Alinisimulia kwamba walizaliwa Masagati, mbali huko ng'ambo ya Mlimba. Mama yao alianza na baka mgongoni, kisha ganzi, kisha vidole vya miguu. Baadaye alipata dawa akapona kabisa, wakaambiwa na waganga wa zahanati kwamba hawezi kumwambukiza mtu. Lakini kijijini hakuna aliyeishi naye kama mtu aliyepona. Kisimani walimiminiwa maji kwenye ndoo zao ili wasiiguse kamba. Wakienda kwenye msiba walitengewa sahani zao pembeni. Mama mkubwa mwenyewe hakuwahi kuugua, wala mama yangu, lakini walikuwa watoto wa nyumba ile.

"Shangazi yetu ndiye aliyekuwa akitusuka," alisema. "Akawa anajifunga vitambaa mikononi. Anajifunga mbele yetu, polepole, kisha ndiyo anatushika kichwa. Misuko yenyewe ikawa inalegea siku hiyo hiyo, maana utasukaje na vitambaa? Mama yako alikuwa mdogo, alidhani ndivyo watu wote wanavyosukwa. Mimi nilijua."

Nililiweka chanuo kitandani.

"Siku ile pale saluni nilijua ni kazi yako," aliendelea. "Mimi si mjinga. Yule mama wa duka alinieleza vizuri tu. Lakini nilipokuona unazivaa, mwili wangu ulikuwa umeshasimama. Nikasema, basi, na mwanangu niliyemtoa funza kwa vidole hivi, na yeye."

Alilia kidogo, bila sauti, kisha akaniambia niendelee kuchana. Niliendelea. Nilihesabu moyoni watu wote ambao nimewahi kuwavalia glavu wakanyamaza, nikadhani ukimya wao ni kuridhika.

Alipotolewa hospitali hakuweza kurudi Mbingu. Kidonda kilihitaji kusafishwa kila siku, na muuguzi, mwanamke mtulivu wa umri wangu, alinielekeza namna ya kufanya. Alisisitiza nioshe mikono kwa sabuni, nivae glavu safi, nisiguse kidonda kwa mkono mtupu hata mara moja. "Hapa si wewe tu unayejikinga," alisema. "Yeye ndiye hana kinga. Uchafu wa kidole chako unaweza kummalizia mguu." Mama mkubwa alikuwa amekaa pale pale akisikiliza. Alitikisa kichwa kukubali, kama mwanafunzi.

Siku ya kwanza nyumbani nilikaa chini mbele yake na boksi la glavu pajani. Nilijua ninalopaswa kufanya na mikono haikutaka. Niliosha mikono, nikaosha tena.

"Vaa," alisema.

"Mama, nataka ujue—"

"Najua. Vaa ufanye."

Nilivaa. Akayaziba macho yake kwa kiganja, akakaa hivyo mpaka nilipomaliza kufunga bendeji. Kesho yake ilikuwa hivyo hivyo. Nilianza desturi ya kumaliza kazi, kuzitupa zile glavu, kunawa, kisha kumpaka mafuta miguuni kuanzia gotini mpaka kwenye kifundo, kwa mikono mitupu, kwenye ngozi nzima isiyo na jeraha. Mwanzoni alikaza misuli. Baadaye akawa analegea. Hatukulizungumzia. Siwezi kusema kwamba lilifuta kitu. Alikuwa bado anaziba macho kwa kiganja kila nilipochomoa glavu kwenye boksi, na aliendelea kufanya hivyo mpaka kidonda kilipokauka.

Katika kipindi hicho nilimtafuta yule mwanaume wa kikapu. Nilimpata nyuma ya soko, mtu mzima mwenye familia yake, mpole, anampaka rangi muuza nyanya. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno makali. Nilipomweleza mama yangu amekatwa dole aliweka brashi chini.

"Namkumbuka," alisema. "Alinipa na chai. Pole sana, dada."

Nikamuuliza kwa nini havai glavu, kwa nini anatumia wembe mmoja.

"Wembe nabadilisha ukichakaa," alisema. "Glavu nilizivaa mwaka jana. Akina mama walikataa. Wanasema nawaona wachafu. Mmoja aliondoka mguu mmoja umepakwa, mwingine bado." Alinitazama. "Wewe kwako wanakubali?"

Muuza nyanya alikuwa akitusikiliza, mguu wake hewani. Nilitaka kusema ndiyo. Nilimwambia wengi wanakubali. Nilimwachia boksi langu, nikamwomba angalau wembe uwe wa mtu mmoja. Juma lililofuata nilimwona tena akiwa kazini, na mikono yake ilikuwa mitupu. Wembe sikuuona vizuri.

Siku hizi, kabla sijavaa glavu, namwambia kila mteja kwa nini navaa, na namwomba aniambie kama mguu wake unasikia moto na baridi. Wengine wanachoka na maswali yangu. Mama mmoja aliniambia amekuja kupakwa rangi, si kupimwa. Hata hivyo wawili niliowatuma wakapime sukari walikutwa nayo, na mmoja alirudi kunishukuru. Mwingine hakurudi kabisa.

Mama mkubwa alirudi Mbingu mvua zilipokatika. Halimi tena, shamba amempa mtu alime wagawane mpunga. Anavaa viatu vya kufunika muda wote, hata ndani, na mbele ya kiatu cha kulia amejaza pamba. Nilipokwenda kumtazama mwezi uliopita tulikaa uani, na jirani yake, yule bibi aliyenipigia simu, alikuja na bakuli la mihogo ya kuchemsha. Hakuwa mtu wa Mbingu kwa asili. Alitokea huko huko Masagati, kama mama mkubwa, wakiwa bado wasichana.

Waliongea habari za mvua na ng'ombe wa wafugaji walioingia shambani mwa mtu. Kisha bibi akaelekeza macho kwenye mguu.

"Na hicho kidole, ilikuwa nini hasa?"

"Jembe," mama mkubwa alisema upesi. "Lilinikata nikipalilia."

Bibi alinigeukia mimi, akiwa ameshika kipande cha muhogo bila kukila. "Ni jembe, mwanangu?"

Niliyajua maneno ya kumjibu. Ni yale yale ninayowaambia wateja: ni sukari, haiambukizi, nenda ukapime na wewe. Na bibi mwenyewe kwa umri wake alihitaji kuyasikia. Lakini nilimwona mama mkubwa ameikunja mikono juu ya magoti, ananitazama, na nikaelewa ni kitu gani ambacho kidole kilichokatika kingeweza kumkumbusha mtu wa Masagati kuhusu nyumba yao.

"Ndiyo, bibi," nilisema. "Ni jembe."

Bibi akatikisa kichwa. "Majembe ya siku hizi," alisema, akaula muhogo wake, akasukuma bakuli katikati yetu. Mama mkubwa akachukua kipande kutoka kwenye bakuli lile lile, na baada ya muda nami nikachukua. Sijui kama bibi aliamini. Jioni hiyo, nikiwa ndani ya gari narudi mjini, niliwaza kumpigia simu nimwambie ukweli wa sukari, nikatoa simu, nikairudisha mkobani.